Je, Twaweza Kulima Mafuta Yetu Wenyewe?

Katika mdahalo wa muhula huu chama chetu kilijadili hoja isemayo kwamba taifa lilime mafuta yake lenyewe badala ya kuyanunua ng'ambo. Upande wa kukubali ulishinda kwa kura nyingi, na makofi yalipigwa sana. Siku chache baadaye pendekezo likaletwa mbele ya Kamati ya Shamba, kwamba zile ekari 6 za mahindi zilizo nyuma ya mabweni zipandwe mibono, ili jenereta ya shule iendeshwe kwa mafuta yetu wenyewe. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Kwa kuwa dakika tatu za mdahalo hazitoshi kueleza jambo kubwa kama hili, nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nieleze kwa nini naipenda hoja lakini silipendi pendekezo.

Kwanza tukubaliane kwamba shida yenyewe ni ya kweli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na watu hutega masikio kama wanafunzi wanaongoja matokeo ya mtihani. Bei hizo hazianzii Tanga wala Dodoma. Vita vilipozuka Ukraine mwezi wa Februari 2022, petroli mjini Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita ilipofika mwezi wa Mei, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Mkulima wa Handeni hakuwa na ugomvi na mtu wa Ulaya, lakini nauli ya kumpeleka mgonjwa wake hospitali ilipanda. Wazazi wetu walio watu wazima wanakumbuka mambo ya namna hiyo tangu mwaka 1973, pipa la mafuta ghafi lilipotoka dola 3 hivi likafika dola 12 hivi kwa muda wa miezi michache tu. Wakati ule tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Kilitusaidia, lakini mafuta ghafi yenyewe yalikuja kwa meli, kwa hiyo bei ilitufuata mpaka mlangoni mwa kiwanda. Leo hata kusafisha kwenyewe kumekoma, na kila tone la petroli na dizeli twalinunua likiwa tayari.

Basi mtu akisema tutafute mafuta katika mimea yetu, hasemi upuuzi. Swali langu ni mmea gani, katika shamba la nani, na nani atakayeyachoma mafuta hayo.

Msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali alitaja Brazil, naye alifanya vyema, maana nchi hiyo imejaribu jambo hili kwa nguvu na kwa miaka mingi. Lakini alisimulia nusu ya habari. Mwaka 1973 Brazil ilikuwa ikinunua nje kiasi cha asilimia 80 ya mafuta yake. Bei ilipopanda, hazina yao ikaona taabu, na mwezi wa Novemba 1975 serikali ya Rais Ernesto Geisel ikaanzisha mpango ulioitwa Proálcool, wa kutengeneza ethanoli, yaani spiriti ya kuendeshea mitambo, kutokana na miwa. Wenye viwanda walipewa mikopo ya riba ndogo. Petrobras, kampuni ya mafuta ya taifa, iliamriwa kuinunua ethanoli na kuifikisha vituoni. Mwaka 1979 ilitoka Fiat 147, motokaa iliyotumia ethanoli tupu, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980, katika kila motokaa mpya kumi zilizouzwa zaidi ya tisa zilikuwa za ethanoli. Mpaka hapa msemaji wetu alisema kweli tupu.

Ambalo hakulisema ni hili. Mwaka 1986 bei ya mafuta ya petroli ilianguka duniani, na baadaye bei ya sukari ikapanda. Wenye viwanda walifanya hesabu kama afanyavyo mfanyabiashara yeyote, wakapeleka miwa yao kwenye sukari. Ilipofika mwaka 1989 na 1990 madereva waliotii wito wa taifa wakajikuta katika foleni ndefu mbele ya vituo visivyo na ethanoli. Watu walikasirika, wakaacha kununua motokaa hizo, na imani haikurudi mpaka mwaka 2003 zilipoanza kuuzwa motokaa zinazokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wa vyote viwili. Hivi sasa petroli yao ya kawaida huchanganywa na ethanoli kwa sheria, na mwaka 2025 kiwango kilipandishwa kikawa asilimia 30. Ni ushindi mkubwa, sikatai. Lakini Brazil ilipotangaza mwaka 2006 kwamba imejitosheleza kwa mafuta, sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikuwa ya visima vilivyochimbwa baharini. Pia miwa hiyo kwa miaka mingi ilikatwa na vibarua waliolipwa kwa uzito wa walichokata, juani, katika mashamba yaliyochomwa moto kwanza. Hayo nayo ni sehemu ya bei ya lita moja, ingawa hayaandikwi kwenye pampu.

Na kuna siri ya kiufundi ambayo naona wengi hawaifahamu. Kuchemsha na kukeneka spiriti kunataka moto mwingi. Brazil inaupata moto huo bure, kwa kuchoma makapi ya miwa ile ile iliyokwisha kukamuliwa. Ingekuwa kiwanda kinachoma dizeli ili kipate ethanoli, faida ingekuwa ndogo mno. Miwa hubeba kuni zake yenyewe. Mahindi hayafanyi hivyo. Wamarekani hutengeneza ethanoli kwa mahindi, na gunia la kilo 100 huwapa lita 40 hivi. Tangi la motokaa ndogo halijai. Tena lita ya ethanoli ina kiasi cha theluthi mbili tu za nguvu iliyo katika lita ya petroli. Mwaka 2007 na 2008 bei ya vyakula ilipopanda duniani kote, mafuta ya mimea yalitajwa miongoni mwa sababu, na wataalamu walibishana juu ya kiasi cha lawama, si juu ya kuwepo kwake.

Sasa turudi nyumbani, kwenye mibono. Mmea huu si mgeni. Wazee wanauita mbono kaburi kwa kuwa hupandwa makaburini, na wengi wanaupanda kuwa ua kwa sababu mbuzi hawali majani yake. Mbegu zake zina mafuta mengi na zina sumu. Huko Monduli akina mama walikamua mafuta hayo wakatengeneza sabuni wakaiuza, nalo ni jambo la kupendeza. Lakini kati ya mwaka 2005 na 2010 mbono ulisifiwa kupita kiasi. Ilisemwa kwamba unastawi katika ardhi mbovu, hautaki maji, hautaki mbolea, na kwamba utatajirisha Afrika. (Katika mdahalo wetu mtu mmoja alisema Tanga itakuwa Kuwait ya mibono. Tulicheka, ila yeye hakuwa anatania.) Kweli ni kwamba mbono huvumilia ukame kwa maana ya kutokufa, lakini kutokufa si kuzaa. Mwanafunzi aliyelala njaa naye yu hai, lakini msimtegemee katika mbio za mita 1,500.

Kampuni zilikuja kutafuta ardhi. Wilayani Kisarawe kampuni moja ya Uingereza ilipata mwaka 2009 zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Wanakijiji walitegemea ajira, visima na zahanati. Mwaka 2011 kazi ilisimama, mamia ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na shamba likapita mikononi mwa mwenye mali mwingine. Wilayani Kilwa kampuni ya Uholanzi ilitafuta hekta 34,000, ikakata miti ya msitu, kisha ikafilisika mwaka 2010.

Watu husema, basi kampuni zikishindwa si ardhi inarudi? Hapa ndipo nawaomba wazazi wasome taratibu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haiwezi kukabidhiwa mwekezaji wa nje mpaka kwanza igeuzwe iwe ardhi ya jumla, iliyo chini ya Serikali Kuu. Ikishageuzwa, haijirudii yenyewe kuwa ya kijiji eti kwa sababu mibono imekauka. Kwa hiyo mwanakijiji anaweza kukosa mbono, kukosa ajira, na kukosa mahali pa kuchoma mkaa au kuokota uyoga, yote kwa mkupuo mmoja. Tena mafuta ya mashamba yale yalilengwa zaidi kwa soko la Ulaya. Yaani hata mambo yote yangekwenda vizuri, mkulima wa Kisarawe angeendelea kununua dizeli ya meli kwa bei ya meli, huku akitazama mafuta ya shamba lake yakisafirishwa. Mimi naona huo si uhuru wa nishati wa taifa letu, bali ni uhuru wa taifa jingine uliopandwa katika udongo wetu.

Wenzangu watanijibu kwamba shamba la shule ni letu, hakuna kampuni, na mafuta tutayatumia hapa hapa. Ni kweli, na ndiyo maana nimechukua penseli nikafanya hesabu.

Ekari 6 ni hekta 2.4. Tuseme tutapata tani moja ya mbegu kwa hekta, na kwa shamba lisilomwagiliwa hiyo ni hesabu ya mtu mwenye matumaini. Jumla ni kilo 2,400. Kwa mashine ndogo ya kukamulia hutakiwa kilo 5 hivi kupata lita moja. Tutapata lita 480, hata mapipa mawili na nusu hayajai. Jenereta yetu hunywa lita 3 kwa saa, kwa hiyo tumepata saa 160 za taa kwa mwaka mzima. Upande wa pili, shamba lile katika mwaka mzuri hutoa magunia 10 kwa ekari, yaani magunia 60, kilo 6,000. Sisi ni wanafunzi 400, na kila mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, tunamaliza kilo 200. Basi tunaombwa kutoa ugali wa siku 30 ili tupate taa za saa 160. Tena nimeacha kutaja kwamba mafuta mabichi ya mbono ni mazito na huziba vichujio, na kwamba kuyageuza kuwa biodizeli safi kunahitaji methanoli, nayo hununuliwa kutoka nje. Mwalimu wetu wa Kemia atathibitisha. Tungeukimbia mlango wa mbele na kuingilia wa nyuma.

Je, nasema tuache? Hapana. Nasema tumeelekea shambani wakati mali imelala jalalani.

Sisi tunasoma Mkoa wa Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, ilipofika mwaka 1964, nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, nayo ilikuwa ya kwanza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakawa msitu. Nailoni na plastiki hizo hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Kwa hiyo mkoa wetu uliumizwa na petroli mara mbili, mara moja kwa kulazimika kuinunua, mara ya pili kwa kushindwa nayo sokoni.

Lakini tazameni kinachotokea katika mashine ya korona. Ukipitisha kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi utakazopata ni kilo 4 hivi. Zilizobaki zote ni maji na makapi ya kijani, ambayo tangu zamani humwagwa, yakioza na kunuka mpaka mtoni. Kila apitaye njia ya Korogwe aijua harufu hiyo. Harufu hiyo ni dalili ya nguvu inayopotea. Makapi yakifungiwa mahali pasipo hewa, vijidudu huyachachusha yakatoa bayogesi, ambayo huwaka kama gesi ya mtungi na huweza kuendesha injini ya umeme, na tope linalobaki ni mbolea. Hili si jambo la kubuni. Hapo Hale, katika miaka ya 2007 na 2008, ulijengwa mtambo wa namna hiyo wa kutumia makapi ya mkonge, wa kilowati 150 kwa kuanzia, kwa ushirikiano wa kampuni ya Katani na mashirika ya kimataifa, likiwemo UNIDO. Kilowati 150 ni kidogo ukilinganisha na megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, najua. Lakini hakuna kijiji kilichohamishwa, hakuna debe la mahindi lililopungua, na mali ghafi ilikuwa tayari imelundikwa mlangoni. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi huchoma makapi ya miwa yake na kupata umeme wake. Njombe kiwanda cha miwati huzalisha umeme kwa mabaki ya miti tangu mwaka 1995. Na kila tani ya miwa inayosagwa kwa sukari huacha molasi inayoweza kutoa kama lita 10 za ethanoli, bila kugusa sukari yenyewe. Mwaka 2024 tulipohangaika kutafuta sukari madukani, sidhani kuna mtu ambaye angekubali maji ya miwa yapelekwe kwenye tangi la motokaa. Molasi hakuna ambaye angeililia.

Wapo waliosema katika mdahalo kwamba mambo haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma inakwenda kwa umeme tangu mwaka 2024, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inaweza kuendesha magari. Nawaunga mkono kwa treni na kwa magari ya mjini. Ila trekta la shambani na lori la kwenda Kigoma vitakuwa vya dizeli kwa miaka mingi bado, na lita moja katika kumi ikitoka kwa mabaki yetu, ni fedha za kigeni zilizobaki nyumbani.

Tena kuna sehemu ambayo wasemaji wa pande zote mbili hawakuigusa, nayo ni jikoni. Sehemu kubwa ya nishati inayotumika Tanzania si petroli wala umeme. Ni kuni na mkaa. Sisi tumekwisha kuwa taifa la nishati ya mimea, ila tunaichoma vibaya, na moshi wanauvuta mama zetu. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo mwaka 2034, na taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 zimekwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule yetu ni taasisi ya namna hiyo. Lori la kuni bado laingia getini kila muhula, na wapishi wetu bado wana macho mekundu. Wakati huo huo tuna ng'ombe 8 zizini na vyoo vya watu 400. Mitambo ya bayogesi ya kujengwa kwa matofali imefundishwa na CAMARTEC ya Arusha kwa miaka mingi, na mafundi wa hapa hapa wanaweza kuijenga.

Kwa hiyo mbele ya Kamati ya Shamba nitaomba haya. Ekari 6 zibaki mahindi. Mibono ipandwe mipakani, mita 1,200 kuzunguka shamba na viwanja, mahali ambapo sasa tuna miiba na waya uliokatika. Tukipata robo tatu ya kilo kwa kila mita, tutakuwa na kilo 900 na lita 180, na mbuzi wa jirani watakoma kula mahindi yetu. Fedha ambazo zingenunua miche ya ekari 6 zianze mfuko wa mtambo wa bayogesi wa jikoni, na naomba Kamati ya Wazazi iulize gharama yake kabla ya mkutano wa muhula ujao, ili tujue ni mizigo mingapi ya kuni itakayoulipa. Mbegu zipimwe kwa mizani ya ghala, na daftari liwekwe katika chumba cha Kilimo, kila mtu alione. Na Kidato cha Kwanza waambiwe mapema, tena kwa sauti kubwa, kwamba mbegu za mbono zina ladha nzuri kama karanga na humlaza mtu hospitali.